Nani aliyebandika fosfati hii?

Swali lililonipa kazi tangu nianze utafiti ni fupi sana. Protini fulani ndani ya seli imebandikwa fosfati: nani aliyeibandika? Aliye nje ya fani hudhani hilo ni jambo la wiki mbili tatu za maabara. Ukweli ni kwamba watu wamestaafu wakiwa bado wanabishana juu ya protini moja.

Seli haina macho wala masikio. Homoni ikigusa kipokezi kwenye utando wa seli, habari lazima ifike ndani, mara nyingi hadi kwenye kiini chenyewe, na njia mojawapo kuu ya kuipeleka ni kubandika fosfati kwenye protini. Kimeng'enya kinachobandika huitwa kinasi. Huchukua fosfati ya mwisho kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuihamishia protini nyingine, mahali penye asidi amino ya serini, threonini au tairosini. Fosfati huja na chaji hasi, basi ikitua mahali pasipokuwa na chaji, protini hubadilika umbo kidogo, au humpata mwenzi mpya wa kushikana naye, au humwachia yule wa zamani. Baadaye fosfatasi, kimeng'enya cha kuondoa fosfati, huja na kuing'oa. Orodha iliyochapishwa mwaka 2002 ilihesabu kinasi 518 katika jenomu ya binadamu, na sehemu zinazobandikwa fosfati ni maelfu kwa maelfu. Kwa sehemu nyingi kati ya hizo, kinasi inayohusika haijulikani.

Fani yenyewe ilizaliwa kwa uchafu. Katika miaka ya 1950, huko Seattle, Edwin Krebs na Edmond Fischer walikuwa wakichunguza fosforilasi, kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni, akiba ya sukari ya mwili. Kina hali mbili, ya kulala na ya kuamka. Njia ya zamani ya kukiandaa, iliyotoka kwa Carl na Gerty Cori, ilihusisha kuchuja supu ya misuli kwa karatasi, na ilitoa kimeng'enya kilichoamka. Krebs na Fischer walipoacha karatasi na kutenganisha supu kwa mashine ya kuzungushia sampuli, wakapata kilicholala tu. Tofauti ilikuwa nini? Karatasi ilikuwa ikivujisha kalsiamu, na kalsiamu ndiyo iliyokuwa ikiiamsha kinasi iliyokuwamo kwenye supu. Kutokana na kisa hicho walifikia mwaka 1955 kueleza kwamba fosforilasi huamshwa na kimeng'enya kingine kinachotumia ATP. Tuzo ya Nobel walipewa mwaka 1992.

Kisa cha pili ninachokipenda ni cha Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, mwaka 1979. Hadi wakati huo kila mtu alijua kuwa fosfati hubandikwa kwenye serini na threonini. Ili kuzitenganisha walitumia umeme ndani ya bafa, yaani kimiminika cha kudumisha kiwango cha asidi, yenye pH 1.9, na katika pH hiyo tairosini yenye fosfati husafiri sambamba na threonini yenye fosfati, kwa hiyo haionekani. Bafa ya Hunter ilikuwa imetumika mara nyingi hadi pH yake ikashuka kufikia 1.7, na doa la tatu likajitenga. Doa hilo ndilo lililofungua somo zima la kinasi za tairosini, na dawa nyingi za saratani tulizo nazo leo zimetokana na somo hilo. (Usiwaambie wanafunzi wako kisa hiki kabla hawajajifunza kutengeneza bafa mpya kila mara.)

Turudi kwenye swali. Njia ya haraka ya kulijibu ni kuweka kinasi safi, protini safi na ATP kwenye kijitubu kimoja na kungoja. Wa rika langu tulitumia ATP yenye fosforasi-32, ambayo mnururisho wake hupungua kwa nusu katika muda wa siku 14 hivi. Tulifanya kazi nyuma ya ngao ya akriliki, kwani chembe za beta za fosforasi hiyo zikigonga madini ya risasi huzalisha eksirei. Unatenganisha protini kwenye geli, unaweka filamu juu yake, na asubuhi unakuta mstari mweusi. Mstari huo unapendeza mno, na umejaza majarida madai ambayo mimi siyaamini.

Kwenye kijitubu, kinasi imekaa na protini moja tu, kwa wingi usiokuwapo ndani ya seli, bila mshindani na bila fosfatasi. Ni sawa na kumshindisha mtu njaa siku tatu, kumfungia chumbani na mkate, kisha kutangaza kwamba mkate ndicho chakula akipendacho. Kijitubu kinakuambia kinachowezekana. Kinachotokea ni habari nyingine.

Basi watu wakahamia kwenye seli wakiwa na vizuizi. Unaipa seli kemikali inayozuia kinasi fulani. Fosfati ikitoweka, unaandika kwamba umempata mhusika. Shida ni kwamba vizuizi vingi hukaa kwenye mfuko uleule ambao ATP huingia, na kinasi zote zina mfuko huo, tena unafanana. Staurosporini, iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongo mwaka 1977, hufunga kinasi nyingi kiasi kwamba matokeo yake hayakuambii lolote kuhusu kinasi moja. Mwaka 2000 kundi la Philip Cohen kule Dundee lilivijaribu vizuizi vilivyokuwa vikitumika sana dhidi ya safu ya kinasi, na ikaonekana kuwa baadhi ya vile vilivyosifiwa kwa kulenga kinasi moja vilikuwa vikipiga nyingine kwa nguvu ileile. Mimi nikisoma makala, jambo la kwanza ninalotafuta ni kizuizi gani kilitumika na kwa kipimo gani. Kikiwa kimoja, tena kwa kipimo kikubwa, naendelea kusoma kwa mashaka.

Hata kizuizi kizuri kinaweza kukushangaza. Chukua kinasi iitwayo BRAF. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba karibu nusu ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, zina badiliko moja kwenye kinasi hii, pale asidi amino ya valini kwenye nafasi ya 600 inapobadilishwa na glutamati. Badiliko hilo huiacha BRAF ikifanya kazi mfululizo. Nayo huisukuma kinasi nyingine, MEK, MEK huisukuma ya tatu, ERK, na seli hugawanyika bila kukoma. Vemurafenib, dawa inayoizuia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na uvimbe wa wagonjwa wengi ulisinyaa. Lakini baadhi yao waliota uvimbe wa aina nyingine kwenye ngozi, mahali ambapo BRAF yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Dawa ya kuzima ilikuwa ikiwasha! Maelezo yalitolewa mwaka 2010, kabla hata ya idhini: kinasi za jamii ya RAF, BRAF ikiwamo, hufanya kazi zikiwa mbili mbili. Mahali ambapo RAS, protini inayoziamsha RAF, iko macho, dawa ikimkamata mmoja wa wawili hao, umbo lake hubadilika na kumwamsha mwenzake ambaye hakushikwa. Ndiyo maana siku hizi dawa hii hutolewa pamoja na ya kuzuia MEK, na uvimbe huo wa pembeni umepungua.

Kwangu mimi somo la BRAF lilikuwa zito kuliko vitabu vyote vya mafunzo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kinasi ni kimeng'enya, ukikizuia umeiondoa kazi yake. Kumbe kinasi ni umbo pia, na umbo hilo lina kazi hata kama halibandiki chochote. Takriban kinasi moja kati ya kumi za binadamu imekosa sehemu zinazodhaniwa kuwa za lazima kwa kubandika, na bado mageuzi hayakuzitupa.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ilitoka kwa Kevan Shokat mwishoni mwa miaka ya 1990. Unabadilisha asidi amino moja tu kwenye mfuko wa ATP, kwa kawaida unaondoa iliyo kubwa na kuweka glisini au alanini. Mfuko unapanuka, na kinasi hiyo pekee inaweza kupokea ATP iliyoongezwa kipande kikubwa pembeni, au kizuizi kikubwa ambacho kinasi za kawaida hazina nafasi nacho. Ni kazi ndefu, na kuna kinasi ambazo hudhoofika zikibadilishwa hivyo. Ikifaulu, lakini, huhitaji tena kubishana juu ya nani.

Mwaka 2023 ilichapishwa atlasi ya kinasi 303 za serini na threonini, ikionyesha kila moja hupendelea mfuatano gani wa asidi amino kuzunguka pale inapobandika. Tunaitumia kila wiki. Unaweka sehemu uliyoiona kwenye spektrometa, mashine ya kupima uzito wa vipande vya protini, nayo inakurudishia majina yaliyopangwa kuanzia linalofaa zaidi. Vijana wangu hupenda kulichukua la juu na kuanza majaribio. Mimi huwarudisha wakaangalie kwanza protini hiyo inakaa wapi ndani ya seli, na kinasi hiyo inakaa wapi, kwa sababu kinasi nyingi hufungwa mahali maalumu na protini nyingine, na inayopendelea mfuatano huo kuliko zote inaweza kuwa upande wa pili wa utando. Halafu huwauliza kuhusu fosfatasi. Fosfati ikiongezeka, huenda hakuna kinasi yoyote iliyoamka. Pengine anayeing'oa ndiye aliyeacha kazi, na jaribio la kulitenganisha hilo ni la alasiri moja.