Je, wajua? Kupima vifurushi vinne kwa mkupuo kunatoa uzito sahihi kuliko kimoja kimoja

Pale soko la Mbuyuni, Moshi, nilisimama mbele ya mizani ya mawe: sahani mbili, mkono katikati, mawe ya chuma yaliyong'aa kwa kushikwashikwa. Maharage yale yale yalipimwa mara mbili, na mara ya pili yakapungua.

"Mama, mbona inacheza?"

"Upepo huo, mwanangu."

Namwamini. Hakuna mizani isiyokosea kidogo, mara juu, mara chini. Tuseme kosa lake la kawaida ni gramu 20. Nina maharage, karanga, dagaa na ulezi. Nikipima kimoja kimoja, nitapima mara nne na kila kifurushi kitabeba kosa la gramu 20. Lakini kwa mara hizo hizo nne, kwa mizani hiyo hiyo, kosa linaweza kushuka hadi gramu 10.

Siri ni kuweka vyote vinne kila mara, ila kuvihamisha. Mara ya kwanza vyote vikae kushoto. Ya pili, maharage na dagaa kushoto, karanga na ulezi kulia. Ya tatu, maharage na karanga kushoto, vingine kulia. Ya nne, maharage na ulezi kushoto, karanga na dagaa kulia. Kila mara ongeza mawe upande mwepesi hadi mkono utulie, kisha andika kushoto kumezidi kulia kwa gramu ngapi. Ukiweka + kwa kushoto na − kwa kulia, unapata hivi:

+ + + +
+ − + −
+ + − −
+ − − +

Jedwali la namna hii huitwa matriksi ya Hadamard.

Tuseme umeandika 2900, 100, 700 na 300. Maharage ni safu wima ya kwanza, zote +, kwa hiyo jumlisha: 4000, gawa kwa 4, gramu 1000. Karanga fuata alama zake: 2900 − 100 + 700 − 300 ni 3200, gawa kwa 4, gramu 800. Dagaa na ulezi jaribu mwenyewe.

Chukua safu wima mbili zozote: alama zinafanana mahali pawili na kupingana mahali pawili. Ndiyo maana ukitafuta maharage, karanga huingia mara mbili na kutoka mara mbili, zikapotea kabisa. Makosa manne ya mizani nayo hulana yenyewe kwa yenyewe, na wastani wake huwa nusu. Kwa mtindo wa kimoja kimoja ungelazimika kupima mara 16 kufikia hapo.

Vifurushi sita kwa vipimo sita je? Haiwezekani kwa ukamilifu huu. Ukiacha 1 na 2, ukubwa wa matriksi, yaani idadi ya safu zake, lazima ugawanyike kwa 4. Kama kila kigawe cha 4 kina matriksi yake, wanahisabati wanaamini hivyo ila hawajathibitisha. Ya 92 ilipatikana kwa kompyuta mwaka 1962. Ya 428 ilipochapishwa 2005, 668 ikawa ndogo kuliko zote zilizokuwa hazijaonekana. Jina ni la Mfaransa Jacques Hadamard, aliyeandika juu yake 1893, ingawa Mwingereza Sylvester alikwisha kuzieleza 1867. Hisabati ina mambo hayo.

Chombo cha Mariner 9 kilipoizunguka Mirihi kuanzia 1971, kilituma picha kwa matriksi ya 32 kwa 32. Kila nukta ilikuwa na kiwango kimoja cha kijivu kati ya 64, ikatumwa kama safu mlalo moja ya alama 32, au safu hiyo ikiwa imegeuzwa alama zote. Hata alama 7 zikiharibika njiani, safu ya asili ilitambulika.

Turudi sokoni, maana kuna jambo mimi ndilo lililonifurahisha zaidi. Tuseme mtu kabandika donge la nta la gramu 50 chini ya sahani ya kushoto. Kila kipimo kitazidi 50. Fanya hesabu: karanga, dagaa na ulezi haviguswi, kwa sababu 50 zinajumlishwa mara mbili na kutolewa mara mbili. Kosa lote linaangukia maharage. Basi ukiwa na vifurushi vitatu, iache nafasi ya maharage tupu, na hesabu yake itakuonyesha uzito wa donge lenyewe. Mawe yaliyotobolewa kwa chini, hayo njia hii haiyakamati.