Lubumbashi hadi Kinshasa: saa moja au tatu?

Hapa Lubumbashi wengi huamini kwamba kwenda Kinshasa kwa ndege ni saa moja tu na kurudi ni tatu, na lawama hutupiwa upepo. Umbali ni uleule, kilomita 1,550 hivi kwa mstari ulionyooka, na upepo hubadilisha dakika chache tu. Kinachodanganya ni saa ya mkononi, kwa kuwa Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: anayeondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, saa 4:00 asubuhi, akasafiri saa mbili na robo, hutua N'djili, uwanja wa Kinshasa, saa 5:15 za huko, ilhali anayetoka huko saa 8:00 mchana huikuta Lubumbashi saa 11:15 jioni.