Sukari Kwenye Mkojo kwa Mtu Anayetumia Beta-bloka

Kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi kuonyesha sukari, wengi huambiwa papo hapo kwamba wana kisukari. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini wapo watu ambao sukari ya damu yao ni ya kawaida kabisa, na bado wanaikojoa tangu utotoni.

Figo zenye afya huchuja takriban gramu 180 za sukari kwa siku na kuirudisha karibu yote kwenye damu. Kama asilimia 90 ya kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo SGLT2. Jeni yake, SLC5A2, ikirithiwa na hitilafu, sukari hupotelea kwenye mkojo, kwa wengine zaidi ya gramu 100 kwa siku. Figo zenyewe hazijaharibika, na kwa kawaida hali hii haihitaji tiba.

Kinachonitia wasiwasi ni kuitibu kana kwamba ni kisukari. Mgonjwa anayemeza beta-bloka kwa ajili ya presha au moyo, akianzishiwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kwa sababu ya kijiti tu, sukari ya damu ambayo haikuwa juu itashuka. Kwa kawaida moyo ungeenda mbio na mikono ingetetemeka. Beta-bloka huficha dalili hizo kwa sababu huzuia kazi ya adrenalini, homoni inayouharakisha moyo. Propranololi, beta-bloka isiyobagua aina za vipokezi vya beta (sehemu za seli zinazopokea adrenalini), huweza pia kulizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Jasho halizuiliki. Kwa hiyo jasho la ghafla, njaa kali au kuchanganyikiwa visipuuzwe: pima sukari ya damu mara moja, na ikiwa iko chini, mgonjwa aliye macho apewe kinywaji chenye sukari. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali.

Kabla ya dawa yoyote ya kisukari, omba sukari ya damu ipimwe kabla hujala asubuhi, pamoja na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Majibu yote mawili yakiwa ya kawaida, mweleze daktari kama kuna ndugu mwenye hali hiyo, kama una ujauzito, na dawa zote unazotumia, maana dapagliflozini, dawa ya kisukari, hutoa sukari kwenye mkojo kwa makusudi.

Beta-bloka hazisababishi upotevu huu, basi usiziache ghafla. Ukizikatiza, presha inaweza kupanda na maumivu ya kifua kurudi, hata shambulio la moyo. Kama tayari umeanzishiwa dawa ya kushusha sukari, rudi kwa daktari mapema, na majibu ya vipimo vyako mkononi.