Unafiki wa kichama haupimwi kwa kulinganisha Clinton na Trump

Kila mara mwanasiasa wa Marekani anapotuhumiwa kwa unyanyasaji wa kingono, naletewa hoja ile ile ikiwa imevishwa methali ile ile ya mkuki kwa nguruwe: kwamba waliompigia kelele Bill Clinton mwaka 1998 ndio waliomkumbatia Donald Trump mwaka 2016, au kwamba waliomtetea Clinton ndio waliomshupalia Trump, na kwa hiyo unafiki umethibitika, hakuna la kuchunguza zaidi. Safari hii nimeletewa na mtu aliyesomea upimaji wa maoni ya umma kama mimi, na hapo subira imeniishia. Kwamba unafiki upo, sina shaka. Ninachokikataa ni namna hiyo ya kuuthibitisha, maana inamwezesha kila mtu kuuona kwa wapinzani wake tu.

Ulinganisho huo unaharibika mwanzoni kabisa, kwa kutia katika kapu moja vitendo visivyofanana. Uhusiano wa Clinton na Monica Lewinsky, kwa maelezo ya Lewinsky mwenyewe, ulikuwa wa hiari, ingawa mmoja alikuwa Rais na mwingine kijana aliyekuja Ikulu kwa mafunzo ya kazi. Madai ya Paula Jones, aliyefungua kesi mwaka 1994 na kulipwa dola 850,000 bila Clinton kukiri kosa, yalihusu unyanyasaji. Mashtaka ya kumwondoa Clinton madarakani yaliyofika Seneti hayakuwa ya ngono, bali ya kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki kutendeka. Mtu anaweza kulisamehe la kwanza, kulitilia shaka la pili na kulilaani la tatu, na bado asiwe mnafiki. Wasomaji wa Tanzania wanaielewa tofauti hiyo vizuri, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaiweka rushwa ya ngono miongoni mwa makosa ya kutumia mamlaka vibaya, na haiichanganyi na uzinzi.

Ni katika mchanganyiko huo uchama unapofanya kazi yake, na hili ndilo linalonikera kuliko yote kwa jinsi linavyorukwa. Shabiki wa chama hahitaji kubadili kanuni yake hata kidogo, kwa sababu anachohamisha ni kitendo. La mpinzani, hata likiwa ni la watu wazima wawili waliokubaliana, analipandisha hadi jinai. La mtu wake, hata kama yupo mwanamke anayesema wazi kwamba alikataa, analishusha hadi mambo ya chumbani. Mwanzo hadi mwisho anaamini kwa dhati kwamba kipimo chake ni kimoja, na ndiyo maana ukimwita mnafiki hatikisiki: akijikagua, haoni mahali alipobadilika. Vilevile anaweza kukiacha kitendo mahali pake na kupandisha kiwango cha ushahidi anachodai, hata awe anataka kwa mmoja picha na mashahidi, na kwa mwingine aridhike na fununu.

Njia ya kulipima jambo hili inajulikana. Unaandika maelezo ya tuhuma moja, yenye mlalamikaji mmoja na ushahidi ule ule neno kwa neno, kisha unawagawa wahojiwa kwa bahati nasibu, nusu wasome kwamba mtuhumiwa ni wa chama chao na nusu kwamba ni wa chama pinzani. Tofauti ya majibu baina ya makundi hayo mawili ndiyo upendeleo wa kichama, kwa kuwa hakuna kingine kilichobadilishwa. Ila lazima uwaulize mambo matatu kwa maswali matatu: kama wanaamini kilitokea, kama kilikuwa kibaya kiasi gani, na kama kinatosha kumwondoa mtu madarakani. Anayeuliza la tatu pekee hawezi kujua kama mhojiwa amekataa ushahidi au ameukubali kisha akaupuuza, na hao ni watu wawili tofauti sana.

Kuna takwimu moja ninayoiheshimu kuliko orodha zote za Clinton na Trump. Mwaka 2011 taasisi ya Public Religion Research Institute iliwauliza Wamarekani kama kiongozi wa kuchaguliwa anayetenda jambo lisilo la maadili katika maisha yake binafsi bado anaweza kuwa mwadilifu katika kazi ya umma. Miongoni mwa Wainjilisti weupe, yaani Waprotestanti wahafidhina wa Kizungu, asilimia 30 walisema anaweza. Swali hilo hilo liliulizwa tena Oktoba 2016, mwezi ule ule ilipotoka kanda ya mwaka 2005 ambamo Trump alisikika akijigamba jinsi anavyowashika wanawake, na sasa walikuwa asilimia 72. Kwa wasiofuata dini yoyote jibu lilisogea kidogo tu, kutoka asilimia 63 hadi 60. Swali halimtaji mwanasiasa yeyote wala halihitaji ushahidi wowote, kwa hiyo hapa haiwezekani kusema kwamba watu walitofautiana juu ya ukweli wa tuhuma. Kanuni yenyewe ndiyo iliyohama, na ilihama katika jamii ambayo dhehebu lake kubwa, Wabaptisti wa Kusini, lilipitisha azimio Juni 1998 likionya kwamba kuvumilia maovu makubwa ya viongozi hutia ganzi dhamiri ya taifa.

Hata hivyo nina mashaka na takwimu hiyo. Waliohojiwa mwaka 2011 si watu wale wale waliohojiwa mwaka 2016, na wanaojiita Wainjilisti nao hubadilika kadiri siasa inavyobadilika. Pia sijui ni wangapi walikuwa wanajibu swali na wangapi walikuwa wanamtetea mgombea wao kwa kupitia swali. Wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, mhojiwa hutambua upesi kinachozungumzwa hata jina lisipotajwa.

Wademokrat nao wana hesabu yao. Wengi waliosimama na Anita Hill mwaka 1991, alipotoa ushahidi wa unyanyasaji wa kingono dhidi ya Clarence Thomas, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, walikuwa wakali mno kwa Paula Jones miaka michache baadaye. Seneta Mdemokrat Kirsten Gillibrand aliposema mwaka 2017 kwamba Clinton alistahili kujiuzulu, wenzake wengi walikasirika, na walikasirika zaidi alipoongoza madai kwamba Al Franken, Seneta Mdemokrat wa Minnesota aliyetuhumiwa na wanawake kadhaa, aondoke.

Wengi katika fani yetu huyaeleza haya kwa gharama: chama humtupa mtu wake pale kumtupa kusipogharimu kitu. Franken aliondoka kwa sababu gavana wa Minnesota, ambaye ndiye aliyeteua mrithi, alikuwa Mdemokrat, na kiti kilibaki kwa chama. Gavana wa New York Andrew Cuomo alijiuzulu Agosti 2021, baada ya ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo kusema aliwanyanyasa wanawake 11, na nafasi yake ikachukuliwa na Mdemokrat mwenzake. Mrepublikan Bob Livingston, aliyekuwa anasubiri kuwa Spika na ambaye uzinzi wake ulikuwa umefichuka siku hizo, alisimama ukumbini tarehe 19 Desemba 1998 akimtaka Clinton ajiuzulu. Wademokrat wakapaza sauti wakimtaka ajiuzulu yeye, na hapo hapo akatangaza kwamba anaondoka. Kiti chake Louisiana kilikuwa salama kwa Warepublikan.

Maelezo hayo yanapendeza, lakini siyaamini kikamilifu. Clinton angejiuzulu, Al Gore angeingia Ikulu, na Wademokrat wasingepoteza kitu. Bado walimng'ang'ania, na siku zile zile za kushtakiwa umaarufu wake ukapanda hadi asilimia 73. Mwaka 1995 Kamati ya Maadili ya Seneti, chini ya uenyekiti wa Mrepublikan Mitch McConnell, ilipendekeza kwa kauli moja Mrepublikan Bob Packwood, aliyetuhumiwa na wanawake wengi, afukuzwe. Alijiuzulu, na uchaguzi mdogo wa Oregon ukakipa kiti chake chama pinzani. Nadharia ya gharama inashindwa mara mbili hapo, na sijaona mtu anayezieleza kesi hizo mbili kwa pamoja.

Kwa sasa kinachonivuta zaidi ni Alabama. Mwaka 2017 Mrepublikan Roy Moore aligombea useneta huku wanawake kadhaa wakimtuhumu, mmoja wao akisema alikuwa na miaka 14 wakati wa tukio, ingawa Moore alikana. Warepublikan 9 kati ya 10 waliopiga kura walimpigia hata hivyo, na nambari hiyo ndiyo inayonukuliwa kuonyesha kwamba uchama hushinda. Lakini Mdemokrat Doug Jones alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 22,000, wakati zaidi ya watu 22,000 waliandika kwa mkono jina lisilokuwamo kwenye karatasi. Seneta Richard Shelby, Mrepublikan wa jimbo hilo hilo, alikuwa amesema hadharani kwamba yeye amefanya hivyo. Katika majedwali yetu wapiga kura hao huingizwa kwenye safu ya wengineyo na kuachwa nje ya uchambuzi, ilhali ndio ningependa kuwahoji kwa kirefu: kama waliguswa na walalamikaji wenyewe, au kama walihitaji kwanza kuona mkubwa wa chama chao akimkataa Moore bila kuhamia upande wa pili.