Anayeshindwa kesi si lazima aichukie mahakama

Wengi huamini kwamba mtu huipima mahakama kwa hukumu tu: akishinda ataisifu, akishindwa ataitukana. Huo ni ukweli nusu.

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Tom Tyler, aliwahoji wakazi 1,575 wa Chicago kuhusu polisi na mahakama, kisha akawarudia zaidi ya 800 kati yao baada ya mwaka mmoja. Matokeo ya kesi yalikuwa na uzito wake, lakini kilichojenga imani zaidi ni namna mtu alivyotendewa: je, alisikilizwa? Hakimu alionekana hana upande? Aliheshimiwa?

La kusikilizwa ndilo linalonishangaza zaidi. Ungedhani watu hutaka kusema ili wabadilishe uamuzi. Kumbe majaribio yameonyesha kwamba hata mtu anayejua maneno yake hayatabadilisha chochote huona utaratibu ni wa haki zaidi akipewa nafasi ya kujieleza kuliko akinyimwa kabisa. Lakini akihisi anasikilizwa kwa kutimiza wajibu tu, jambo hilo hupoteza nguvu.

Hivyo hakimu anayemtazama mshtakiwa usoni, akamweleza kwa lugha nyepesi kwa nini ameshindwa na kwamba anaweza kukata rufaa, hapotezi muda. Wala hii haimaanishi kwamba adabu inafuta hukumu mbovu. Anayefungwa bila ushahidi hatatulizwa na kuitwa "bwana" au "bibi".