Treni za Alps na Hadithi Zinazokula Nauli

Kinachomshawishi mtu kwanza ni picha: treni nyekundu iko juu ya daraja la mawe lililopinda, na mbele yake ukuta wa mwamba wenye tundu ambamo inazama. Picha hiyo ni ya kweli. Daraja ni Landwasser, mashariki ya Uswisi, lenye kimo cha mita 65, na limekuwa likibeba treni tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachopotosha ni maneno yanayosambazwa pamoja nayo: kwamba lazima iwe treni fulani, kiti cha upande fulani, behewa la daraja la kwanza, na pesa zote zilipwe miezi minane kabla. Mengi ya hayo hayana msingi, na machache yenye msingi huelezwa nusunusu.

"Usipopanda Glacier Express, hujaiona Alps"

Treni yenyewe haina ubaya. Tangu 1930 inaunganisha Zermatt na St. Moritz, kilomita 291, kwa muda wa saa nane hivi. Piga hesabu mwenyewe: haifiki wastani wa kilomita 40 kwa saa. Aliyezoea SGR atadhani imeharibika.

Halafu kuna suala la barafu. Treni hii ilipewa jina kwa sababu ya mto wa barafu wa Rhone, uliokuwa ukionekana wakati reli ilipopita juu mlimani kwenye njia ya Furka. Mwaka 1982 lilifunguliwa handaki la kilomita 15.4 chini ya mlima huo ili treni ziweze kupita hata theluji ikijaa. Tangu hapo abiria hupita gizani mahali palepale palipoipa treni jina. Njia ya juu haikufa kabisa. Wapenzi wa reli waliifufua, na wakati wa kiangazi treni za mvuke hupita kati ya Realp na Oberwald. Anayetaka kuona barafu kutoka dirishani aende njia ya Bernina, reli ya kutoka St. Moritz hadi Tirano, Italia. Huko atauona mto wa barafu wa Morteratsch, na akishuka stesheni ya Alp Grüm, mita 2,091 juu ya usawa wa bahari, atakunywa kahawa akitazamana na barafu ya Palü.

Hata hivyo, jambo ambalo wauzaji wa vifurushi hawalitaji ni kwamba reli ni ileile. Treni zenye majina makubwa hupita juu ya vyuma vilevile vinavyopitwa na treni za kawaida zinazobeba wanafunzi, wauguzi na watu waliotoka sokoni. Kutoka Zermatt unaweza kwenda hadi Chur kwa treni za kawaida ukibadilisha njiani, Andermatt na Disentis zikiwa miongoni mwa stesheni za kubadilishia. Kati ya St. Moritz na Tirano, mji wa Italia, treni ya kawaida hupita karibu kila saa. Hakuna kuhifadhi kiti wala ada ya ziada. Ukipenda kijiji unashuka, unatembea, unapanda inayofuata. Na wapiga picha wasikilize vizuri: madirisha makubwa ya treni za watalii hayafunguki, kwa hiyo nusu ya picha zako zitakuwa na mwanga wa taa na uso wa jirani yako. Kwenye baadhi ya mabehewa ya treni za kawaida dirisha linashushwa, na hewa ya mlima inaingia bure.

Nani basi apande Glacier Express? Mwenye wazazi wazee asiyetaka kuwahamisha na mabegi kila baada ya saa moja, na mtu anayependa kuletewa chakula kitini. Hao sitabishana nao. Ila wajue kwamba kiti lazima kihifadhiwe na ada yake ni mbali na tiketi. Pia wajue kwamba kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba treni hiyo haifanyi safari.

"Chagua treni ya kasi, utaona mengi kwa muda mfupi"

Hapa watu hupoteza siku nzima bila kujua. Mwaka 2016 Uswisi ilifungua handaki la Gotthard la chini, kilomita 57, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na kwa mtalii ni dakika 20 hivi za kutazama giza. Simu yako ikikutafutia njia ya kwenda Lugano au Milano, itakupa hiyo kwa sababu inatafuta muda mfupi tu.

Njia ya zamani ya Gotthard, ya 1882, bado iko na treni zinapita. Karibu na kijiji cha Wassen reli ilibidi izungukezunguke ndani ya mlima ili kupata kimo, na matokeo yake kanisa dogo jeupe la kijiji huonekana mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha usawa wako, mwishowe liko chini. Mgeni asiyeambiwa hudhani kuna makanisa matatu. Hali ni hiyohiyo Lötschberg: treni za haraka kati ya Bern na Brig hupita kwenye handaki la kilomita 34.6 lililofunguliwa 2007, na zile za polepole hupanda njia ya mlimani ya 1913 kupitia Kandersteg. Unapotafuta ratiba, andika kituo cha katikati, Göschenen au Kandersteg, na programu itakubali kukupitisha juu.

"Kaa kulia, kushoto hakuna kitu"

Upo upande mzuri kwa daraja fulani au ziwa fulani. Lakini kati ya Bergün na Preda treni hupanda zaidi ya mita 400 kwa kujikunja ndani ya mahandaki na kutoka tena, na bonde lililokuwa kulia kwako linahamia kushoto, kisha linarudi. Huko Brusio, upande wa kusini wa Bernina, reli inazunguka duara zima juu ya daraja la matao na kupita chini yake yenyewe. Kaa popote palipo na dirisha safi.

"Milima yao mirefu sana, ndiyo maana wao wana treni za juu"

Hili nalisikia hata kwa watu waliosomea Moshi, mlima ukiwa nyuma ya darasa. Mont Blanc, kilele kirefu kuliko vyote vya Alps, kina mita 4,800 na ushei. Batian wa Mlima Kenya una 5,199, na Kilimanjaro 5,895. Kijiji cha Zermatt kiko karibu sawa na katikati ya Nairobi kwa urefu, mita 1,600 na kidogo. Kilele cha njia ya Bernina ni stesheni ya Ospizio Bernina, mita 2,253. Stesheni ya Timboroa, kwenye reli ya zamani kati ya Nakuru na Eldoret, iko karibu mita 2,740. Hata upana wa reli ya Bernina ni mita moja, kama reli ya kati ya zamani ya Tanzania na ile ya kale ya Mombasa.

Kinachowatofautisha ni jinsi walivyopanda. Njia ya Bernina ilikamilika 1910, na kuna sehemu inapanda mita 70 kwa kila mita 1,000 bila meno yoyote relini, kwa mshiko wa magurudumu na nguvu ya umeme tu. Kutoka juu inashuka hadi Tirano, mita 429: unaondoka kwenye theluji, na muda wa saa mbili baadaye uko Italia chini ya jua unakula piza. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka njia hiyo, pamoja na ya Albula, ile inayopita Bergün na Preda, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kosa la pili limejificha humohumo: kudhani kwamba kwa kuwa umekaa tu, urefu hautakugusa. Reli ya Jungfrau, iliyofunguliwa 1912, inaishia stesheni ya Jungfraujoch, mita 3,454. Kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro kiko mita 3,720, na wapandaji hukifikia siku ya pili. Kutoka Interlaken, mita 567, wewe utafika Jungfraujoch kwa muda wa saa mbili hivi. Kichwa kinaweza kugonga na ngazi tatu zikakuhemesha. Tembea taratibu na kunywa maji, na mwenye maradhi ya moyo au mjamzito azungumze na daktari kabla ya kulipia. Jambo jingine: asubuhi tazama kamera za mlimani mtandaoni kabla ya kununua tiketi ya huko juu. Wingu likishuka, utalipa nauli nzito kuona weupe mtupu.

"Nikiwa na pasi, sidaiwi chochote"

Swiss Travel Pass ni kitu kizuri: treni, mabasi, meli za maziwani, usafiri wa mijini na makumbusho zaidi ya 500. Watoto wa miaka 6 hadi 15 wakiandamana na mzazi mwenye pasi husafiri bure kwa kadi ya familia, na wadogo zaidi hawalipi. Kwa familia, hapo ndipo hesabu inapogeuka. Lakini ada za viti za Glacier Express na Bernina Express, treni ya watalii ya njia ya Bernina, haziko ndani. Mlima Rigi umo. Gornergrat, juu ya Zermatt, unalipa nusu. Kwenda Jungfraujoch pasi inakufikisha Wengen au Grindelwald, na kuanzia hapo punguzo ni asilimia 25 tu.

Pasi hiyo ni ya wasioishi Uswisi. Kwa pasi za Ulaya nzima, kinachoangaliwa ni mahali unapoishi: mjomba wa Dar es Salaam atanunua Eurail, na mpwa wake mwenye makazi Hamburg atanunua Interrail, hata kama wote wawili wana pasipoti ya Tanzania. Wakichanganya, mkaguzi hatakuwa na utani.

Ukitulia siku nne mji mmoja na kupanda treni mara mbili, pasi ya siku nane ni hasara. Kadi ya nusu nauli hukufaa zaidi, kwani hiyo hukata nusu hata kwenye milima mingi.

"Nunua kila tiketi mapema, la sivyo bei itapaa"

Kwa Austria na Italia, ni kweli. Tiketi za bei ya chini za treni za masafa marefu huisha. Kwa Uswisi, tiketi ya kawaida ni bei moja, iwe umenunua mwezi uliopita au dakika tano kabla, na inakubalika kwenye treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo. Zipo tiketi za punguzo za kununua mapema, ila zinakufunga kwenye treni moja. Kwa mtu anayesubiri viza, kujifunga hivyo ni kamari.

"Treni inaingia Italia, nitahitaji viza ya pili"

Hapana. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini 2008 ilijiunga na Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kuingia mara moja inakupitisha Uswisi, Italia, Austria na Ujerumani ndani ya safari hiyo, mradi usitoke nje ya eneo hilo. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile utakayoingilia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ndugu walioko London wakumbuke kwamba kibali cha kuishi Uingereza hakiwaondolei viza hii. Kibali cha Ujerumani au Uswidi kinatosha. Pasipoti iwe mfukoni, kwa sababu maofisa wa forodha wanaweza kupita ndani ya behewa.

"Lazima kulala vijiji maarufu"

Zermatt na St. Moritz ni ghali, na jioni hakuna mengi ya kufanya isipokuwa kutazama bei. Chur ni mji wa kale wenye hoteli za kawaida, na treni za kwenda pande zote za milima zinaanzia hapo. Jumapili maduka mengi ya Uswisi hufungwa, lakini yale ya stesheni kubwa huwa wazi, na mkate, jibini na matunda ya dukani hukuokoa na mikahawa. Anayetafuta chakula halali atakipata kwa urahisi zaidi Interlaken, au Zell am See upande wa Austria, kwa sababu miji hiyo imezoea wageni wa Ghuba.

Innsbruck ndiyo ninayoipigia debe kuliko zote. Kutoka Zürich ni muda wa saa tatu na nusu kwa treni ya moja kwa moja, ukipita ardhi ya Liechtenstein na kisha handaki la Arlberg la 1884. Ukifika, huhitaji treni nyingine kuufikia mlima: katikati ya mji kuna kituo cha reli ya kamba kinachoingia chini ya ardhi, na kwa kuunganisha magari ya kuning'inia unafika Hafelekar, zaidi ya mita 2,250, ndani ya nusu saa hivi. Chukua koti hata kama mjini watu wamevaa fulana.