Kutohoa si kutafsiri

Wiki hii nimesikia tena: "Wamarekani waliitafsiri vibaya Dragon Ball." Ubishi ulikuwa juu ya filamu ya mwaka 2009, Dragonball Evolution, iliyotokana na Dragon Ball, hadithi ya katuni ya Mjapani Akira Toriyama, na msemaji alikuwa na haki ya kukasirika. Alichokosea ni neno. Filamu ile haikutafsiriwa, ilitoholewa.

Najua kosa linatoka wapi. Kwetu tuliokulia kwenye vibanda umiza, filamu "iliyotafsiriwa" ni ile ambayo DJ anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Picha haiguswi, lugha tu ndiyo inayobadilika. Kutohoa ni kuchukua kitu cha kwa watu na kukigeuza umbo mpaka kifuate kanuni za pale kinapoingia. Wanaisimu wanalitumia kwa maneno, nami sioni kwa nini tusilitumie kwa hadithi.

Tazama neno kitabu. Waarabu wanasema kitab, na wingi wake kutub. Sisi tuliongeza irabu mwishoni, kisha tukafanya jambo kubwa zaidi: ile ki- tukaichukulia kuwa ni ya kwetu, kama ya kiti na kisu, tukapata vitabu. Mwarabu hawezi kulitambua neno vitabu, lakini hakuna anayesema tumeliharibu. Lina ngeli, lina upatanisho, limepata kwao.

Neno anime, yaani katuni za Kijapani, nalo ni hivyo hivyo. Wajapani walichukua neno la Kiingereza la katuni zinazotembea, animation, wakalitamka animeeshon kwa sababu Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu, kisha wakalikata. Leo Waingereza wenyewe wanalikopa neno hilo likiwa limeshakatwa.

Sasa turudi kwenye Dragon Ball na shujaa wake Goku, maana hapa ndipo watu wanaponichosha wanaposema kosa la filamu ni kubadilisha. Akira Toriyama mwenyewe alibadilisha! Son Goku ni jinsi Wajapani wanavyosoma jina la Sun Wukong, mfalme nyani wa hadithi ya Kichina ya karne ya 16. Fimbo inayorefuka na wingu la kupanda vimetoka huko. Toriyama alimfanya mtoto mwenye mkia aliyeishi mlimani peke yake, asiyejua mji wala gari, na vichekesho vyote vya mwanzo vikaota kwenye ujinga huo usio na hila. Filamu ya 2009 ikampeleka sekondari, awe mvulana anayeonewa na wenzake na kumtamani msichana. Mlima ukaondoka, na kilichoota juu yake kikakosa pa kushika. Mwandishi wa filamu, Ben Ramsey, aliomba radhi mwaka 2016 na kukiri kwamba alifuata malipo, hakuwa mpenzi wa kazi yenyewe.

Death Note, hadithi nyingine ya katuni ya Kijapani iliyofanywa filamu na Netflix mwaka 2017, ilimgeuza mhusika mkuu Light Yagami kuwa Light Turner wa Seattle, Marekani. Kuhama si tatizo. Tatizo ni kwamba Seattle haikumpa kanuni yoyote mpya ya kuishi. Na Cowboy Bebop, anime ambayo Netflix iliigeuza tamthilia ya waigizaji mwaka 2021, ilikosea kwa upande wa pili: mavazi yaleyale, hata muziki wa mtunzi yuleyule wa anime, Yoko Kanno, yaani kitab iliyobaki kitab. Ilitoka Novemba 19, na kabla ya wiki tatu kwisha ikasitishwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, maandishi ya chini ya skrini yakisema asichosema mhusika, hapo lalamikia tafsiri, tutakuelewa. Kwa ile ya 2009 sema ilitoholewa vibaya, na ukitakiwa kueleza, usiseme Goku alibadilishwa. Sema alitolewa mlimani.